Namba Moja, Machibya

Jumatatu, 9 Oktoba

Daftari hili nimepewa na Irfan. Limetoka dukani kwa babu yake, mzee Tayabali, anayeuza vitambaa mjini tangu kabla sijazaliwa, na kila ukurasa una picha ya cherehani pembeni. "Andika humo yale unayoyanong'ona ukidhani maiki imezimwa," aliniambia. Basi nimeanza.

Jina langu Odeta Malimi, miaka thelathini na sita, mkazi wa Pasiansi. Ninatayarisha kipindi cha Mistari ya Mtaa pale Redio Jabali, kila siku ya kazi saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Irfan anatangaza na kupiga biti. Mimi natafuta habari, naandika, na Ijumaa nachana hip-hop mwenyewe. Nayaandika haya kama vile kuna mtu atakayesoma. Ni ugonjwa wa watangazaji.

Mvua bado. Wanasema mwaka huu zitakuwa nyingi.

Jumatano, 11 Oktoba

Joto. Umeme umekatika mara tatu. Venant, meneja wetu, ameilaumu jenereta kama mtu anavyomlaumu shemeji.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku ya Ubeti. Dakika kumi za mwisho za Ijumaa ni zangu: ubeti mmoja, jambo moja, jina moja. Sharti la jina niliweka mimi. Redio nyingine zinasema "baadhi ya watu" na "wahusika". Sisi tunataja. Leo tumemchana mwenye malori anayemwaga mchanga mbele ya mlango wa zahanati, na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili mchanga ulikuwa umeanza kuondolewa. Nimelala nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 17 Oktoba

Selina amekuja ofisini akinuka dagaa na hasira. Anaanika dagaa mwalo wa Igalilo, pale mitumbwi inaposhushia, na ndiye kiongozi wa akina mama wa chanja. Chanja ni vile vitanda vya nyavu juu ya miti. Bila chanja dagaa wanaanikwa mchangani, na mvua ikinyesha mchangani hakuna dagaa tena, kuna uji.

Tangazo la halmashauri limebandikwa: chanja zote ziondolewe ifikapo tarehe 15 Desemba, mwekezaji ajenge ghala la sangara. Eti wananchi waliridhia kwenye kikao. Selina akanionyesha picha iliyozunguka kwenye simu zao. Juu kichwa cha habari, "Muhtasari wa kuridhia uhamisho wa chanja", chini yake majina manne yenye saini, yote ya kamati ya mwalo. Picha imekatwa hapo. Namba moja ni mwenyekiti mwenyewe, Mzee Machibya.

"Ametuuza, dada Odeta," Selina alisema. "Na Jumapili tulikuwa naye kanisani. Kanipa mkono, amani iwe nawe."

Namjua Machibya kwa sura. Kofia, fimbo, kicheko kikubwa kwenye kila hafla. Nilimpigia simu. Haikupatikana. Venant akaniuliza kama nimempata mwenyewe, nikamjibu nimempigia. Jibu hilo lilitosha kwetu wote wawili.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimeandika ubeti wangu bora kuliko yote. Naunakili hapa niwe nao:

Kalamu ya nani ilitangulia kwenye karatasi?
Namba moja, Machibya, bila hata wasiwasi.
Mama zetu juani, dagaa wao mchangani,
Mwenyekiti kivulini, anamlinda nani?
Mwalo si shamba lako, chanja si mali yako,
Ulipoweka saini uliweka na jina lako.

Irfan aliweka ile biti ya ngoma nzito na filimbi aliyoitengeneza mwezi uliopita. Kwenye "namba moja, Machibya" alikata ngoma zote, jina likabaki peke yake hewani. Simu hazikunyamaza mpaka saa mbili usiku. Akina mama wa Igalilo walipiga wakiimba kwa pamoja.

Jumanne, 24 Oktoba

Umesambaa. Nimeusikia kwenye spika ya bodaboda, kwenye saluni, na watoto wa jirani wanaruka kamba nao. "Namba moja!" anasema mmoja, wengine wanaitikia "Machibya!" Nimesimama dirishani kuwasikiliza. Nimefurahi sana, sitadanganya.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza alfajiri, imekwenda mpaka adhuhuri. Selina kapiga: waliowahi kufunika chanja kwa turubai wameokoa dagaa, wa mchangani wamepoteza.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimekwenda Igalilo na kinasa sauti. Mwezi ni mpevu, mitumbwi yote imepaki, maana dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawana kazi. Wote walikuwa pale wakishona nyavu. Machibya alikuwa anashuka kutoka barabarani.

Hakuna aliyeimba kwa sauti. Walikuwa wanapiga ule mdundo tu, wengine kwa viganja kwenye ubao wa mtumbwi, mwingine kwa kisu juu ya ndoo. Alipopita kila kikundi, mdundo ulianza, alipokwisha kupita ukakoma. Akina mama aliowasalimu waliinamia dagaa wasiokuwepo. Mzee hakuongeza mwendo wala kupunguza. Kofia aliivua akaishika mkononi.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chetu. "Wewe ndiye wa redio."

"Ndiyo mimi."

"Sauti yako ni kubwa kuliko mwili." Alisema bila kejeli, kama mtu anayepima kamba. Nikamuuliza juu ya saini. "Ile karatasi nilisaini, sikatai. Nilisaini kwamba nimefika. Siku hiyo tuliongelea choo, tukanywa soda, tukaondoka. Hicho kichwa cha habari sikukiona mpaka nilipooneshwa kwenye simu kama wewe."

Nikamwambia kila anayekamatwa na saini yake husema alidhani ni kitu kingine. Akacheka kidogo, si kile kicheko cha hafla. "Ni kweli," akasema. "Ndivyo wanavyosema." Akaendelea na njia.

Nilirudi nikijiona nimemshinda. Ila sijui kwa nini neno soda limenikaa kichwani njia nzima.

Ijumaa, 3 Novemba

Ubeti kuhusu mitaro. Wa kawaida. Mvua.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 9 Novemba

Mama amepiga kutoka Magu. Huko nako ubeti umefika, vijana wanaupiga kwenye mashine ya kukoboa mpunga.

"Huyo mzee ana ngoma?" akaniuliza.

"Ngoma gani, mama?"

"Unayemtukana. Ana ngoma?"

Baba yangu, marehemu Malimi, alikuwa mtunzi wa Wagika. Kwa asiyejua: kwetu Usukumani ngoma zina pande mbili, Wagika na Wagalu, na baada ya mavuno wanakutana uwanja mmoja kushindana, kila upande na watu wake, wakitungiana nyimbo za kuchomana mpaka mtu asiye na moyo alie. Nimeyaona nikiwa mdogo, nimekaa mabegani mwa baba. Nikiulizwa hip-hop niliitoa wapi, jibu langu la siku zote ni hilo. Huwa linapendeza wasikilizaji.

"Baba yako aliwatukana Wagalu miaka ishirini," mama akasema. "Na kila aliyemtukana alikuwa amesimama pale pale na ngoma yake, anamsikia, anasubiri zamu. Kumwimba mtu aliyekaa nyumbani kwake anakula, hiyo hakuwahi. Angeona aibu."

Nikamwambia redio ni kitu kingine. Akasema sawa, akaniuliza kama nakula. Nimekasirika jioni nzima, na sijui nimekasirikia nini.

Jumanne, 14 Novemba

Lazima niandike yote leo.

Mvua imepiga tangu asubuhi, ziwa limepanda mpaka kwenye mawe ya chini ya barabara. Saa tano hivi Selina akaingia ofisini, kalowa, na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Amefuatilia wiki tatu mpaka akapewa nakala kamili ya ule muhtasari. Aliuweka mezani, akakaa, akaanza kucheka kile kicheko kinachotaka kuwa kilio.

"Soma namba kumi na tisa," akasema.

Namba kumi na tisa ilikuwa Selina mwenyewe. Saini yake, ile herufi S kama ndoano.

Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza imechapwa kwa mashine: kichwa cha habari, maneno ya kuridhia, halafu majina manne ya kwanza yenye saini, kipande cha karatasi nyingine kilichobandikwa chini kabla ya kutolewa nakala. Mbili zinazofuata zimeandikwa kwa mkono, kalamu ya bluu, mistari imepigwa kwa rula: namba, jina, saini. Majina arobaini na saba. Ni karatasi ya mahudhurio kama unayopitishiwa kwenye kila kikao cha nchi hii, unasaini hata bila kuitazama ukiwa unamsalimia wa pembeni. Mtu fulani, na sijui nani, alichukua ile orodha ya waliofika akaibana kwa pini nyuma ya maneno mengine.

"Nilisaini kwa ajili ya kikao cha choo," Selina akasema. "Tuliambiwa asiyesaini hapati soda. Mungu wangu, dada Odeta. Nimempigia yule mzee mdundo wa kisu kwenye ndoo. Mimi mwenyewe. Na jina langu limo."

Nilimwambia hakujua. Nilimwambia tutarekebisha. Nilikuwa napekua karatasi ya tatu huku nikisema hivyo, kidole kinashuka chenyewe. Ishirini na nane, Wilhelmina, mama wa chai. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja: O. Malimi.

Ni mwandiko wangu. Ile M yangu yenye mkia, ambayo sista wa shule ya msingi alinichapa kwa sababu yake.

Selina hakuona. Malimi ni wengi, nusu ya wilaya ni akina Malimi. Alikuwa anajifuta uso kwa kanga. Nikazirudisha karatasi kwenye bahasha, nikamwambia azitunze vizuri.

Jumatano, 15 Novemba

Nimekumbuka yote. Agosti mwishoni. Nilikwenda Igalilo kurekodi habari ya choo, maana wanawake mia moja walikuwa wanatumia matundu mawili. Nilikaa kikaoni kama robo saa. Mtu akapitisha karatasi kwenye ubao, nikasaini, nikapewa soda ya machungwa ya moto. Nikainywa nusu, nikaondoka. Habari yenyewe haikutoka kwa sababu wiki ile kulikuwa na tamasha.

Kwa hiyo siku Selina aliponionyesha ile picha, mimi nilikuwa shahidi. Nilikuwapo. Nilikuwa na haki kuliko mtu yeyote mjini ya kujua kwamba kikao kile kilikuwa cha choo. Badala yake nilimpigia mzee simu moja, haikupatikana, nikaenda kutafuta vina.

Ijumaa, 17 Novemba

Niliingia studio nikiwa nimeamua kusema. Sikusema.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimemwambia Venant kuhusu orodha ya mahudhurio, yaani kwamba Machibya hakuridhia chochote. Namba thelathini na moja sikuigusa. Venant akashika kichwa, kisha akaandika tangazo la masikitiko la mistari minne, lisomwe baada ya habari za michezo.

Tukampigia mzee kumweleza. Safari hii simu ilipatikana mara ya kwanza. Saa nane alikuwa mlangoni kwetu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akalisoma lile tangazo taratibu, midomo inacheza, akalirudisha.

"Nashukuru," akasema. "Ila msamaha wa kusomwa na mtu mwingine sijui pa kuuweka."

"Unataka nini, mzee wetu?" Venant akauliza, na niliona anawaza wakili.

"Siku ile ile. Ijumaa. Saa ile ile. Na ngoma ile ile mliyonipigia."

Irfan aliruka kutoka kitini. "Biti? Mzee unataka biti?"

"Nataka niliyopigiwa. Mimi nilikuwa Mgalu, kijana. Nimetukanwa na watu wanaojua kutukana, tena nikapenda. Lakini walinisubiri nikafunga njuga zangu miguuni." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikawa ya chini. "Baba yako nilimsikia Kisesa mwaka mmoja. Malimi wa Magu. Aliniimba mimi na meno yangu. Nilimjibu mpaka jua likazama, na jioni tukala sahani moja."

Mimi ninayejisifu redioni kwa mgongo wa baba yangu, na huyu ndiye aliyekuwa ng'ambo ya uwanja. Nilitamani sakafu ipasuke.

Amepewa Ijumaa ya tarehe mosi Desemba.

Ijumaa, 24 Novemba

Kikao cha pingamizi la chanja kimepangwa Jumatatu tarehe 11. Selina kaeleza walivyoambiwa walipokwenda kupeleka barua halmashauri: orodha ni orodha, mna majina na saini. Wakisema ilikuwa mahudhurio wanajibiwa kwamba bila shaka watasema hivyo, kila aliyesaini ana chanja au mtumbwi pale, sasa wameona ghala linakuja wamegeuka.

Kila aliyesaini. Kwenye ile orodha ninalo jina moja ninalolijua la mtu asiye na chanja wala mtumbwi wala ndoo Igalilo. Mtangazaji wa redio anayeishi Pasiansi, anaridhia nini kuhusu chanja? Namba thelathini na moja peke yake inatosha kuonyesha orodha ile ni ya nini. Ninachokificha kwa aibu ndicho wanachokihitaji.

Hata hivyo nimekaa kimya. Nitaandika sababu, angalau hapa niwe mkweli. Miaka saba watu wananipigia kwa sababu naonekana mtu asiyekosea. Wanasema "mwambie Odeta, Odeta atamtaja". Nikisimama niseme nilimchafua mzee wa watu kwa karatasi niliyoisaini mwenyewe, kesho nitamtaja nani? Nani atatetemeka? Hiyo ndiyo hoja yangu, na nikiisoma tena naona ni woga uliovaa suti.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Watoto wa jirani bado wanaruka kamba. Nimefunga dirisha.

Ijumaa, 1 Desemba

Radi imepiga mnara wetu saa saba mchana. Hatukuwa hewani kabisa. Machibya alikuja na mvua yote ile, suti ya kahawia, akasubiri saa mbili kwenye benchi la mapokezi huku mafundi wakipanda na kushuka. Nilimpelekea chai. Alikuwa na bahasha ya nailoni ya Selina mapajani.

"Selina ameniazima," akasema. "Amekuja nyumbani na mama wenzake sita. Walipiga magoti, nikawaambia wainuke, matope hayo."

"Umezisoma zote, mzee?"

"Zote tatu."

Akanywa chai. Mvua ilikuwa inapiga bati, nilidhani nitasema pale pale. Nikasema, "Niongeze sukari?"

"Imetosha, mayu."

Jumanne, 5 Desemba

Mnara umepona. Mimi bado.

Ijumaa, 8 Desemba

Naandika usiku huu huu.

Saa kumi na moja na dakika hamsini. Irfan alimvisha mzee vipokea sauti, vikakaa juu ya kofia, tukalazimika kumwomba aivue. Selina na akina mama walikuwa wamejaa mapokezi, wananuka dagaa. Venant alisimama nyuma ya kioo mikono kifuani. Mimi nilikuwa kwenye maiki yangu ng'ambo ya meza, kwa sababu mzee aliomba niwepo. "Upande wa pili lazima uwepo uwanjani," alisema.

Irfan akamtambulisha kwa heshima zote, akaachia biti. Ngoma nzito, filimbi. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa, na kwa kweli niliyataka.

Machibya akaacha ngoma izunguke mara mbili, kichwa kinaitikia, mguu unapiga sakafu kama wenye njuga. Kisha akaanza, na wala hakuwa anapaza sauti.

"Namba moja, Machibya. Nilifika."

Irfan kwa mazoea akakata ngoma kwenye jina. Jina likabaki peke yake kama siku ile. Ngoma ikarudi.

"Namba mbili, Maige, mwenye mtumbwi wa bluu. Alifika. Namba tatu, Modesta, katibu. Alifika. Namba nne, Tito wa nyavu, sikio moja halisikii. Naye alifika."

Akaenda hivyo, juu ya ngoma, karatasi mkononi ingawa hakuitazama sana. Kila jina na kitu chake kimoja, kila jina na "alifika", na kwenye kila jina Irfan alikata ngoma. Namba kumi na tisa, Selina, anayefunika dagaa wa wenzake kabla ya wake. Nilisikia sauti huko mapokezi, mtu analia au anacheka. Namba ishirini na nane, Wilhelmina, chai yake haina maji mengi. Alifika. Yule mzee hakumtukana mtu hata mmoja. Alikuwa anawarudishia watu majina yao, mmoja mmoja, kutoka kwenye karatasi iliyowaibia.

"Namba thelathini, Kulwa, pacha wake yuko Ukerewe. Alifika."

Akaishia hapo.

Biti ikaendelea. Akaikunja karatasi, akaiweka mezani katikati yetu, akarudi nyuma kwenye kiti hatua kama ya mchezaji anayeachia uwanja. Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anasubiri zamu yangu, basi. Alikuwa amejua tangu lini? Labda tangu Ijumaa ile ya chai. Labda tangu Agosti, yeye ndiye aliyekuwa meza kuu, na mimi nilikaa mbele na kinasa sauti changu.

Ngoma ikazunguka mara moja. Irfan akanitazama, hajui kinachoendelea. Mara ya pili. Nikafungua maiki.

"Namba thelathini na moja ni mimi," nikasema. "Odeta Malimi. Nilifika."

Irfan akakata ngoma, na safari hii hakuirudisha.

Sikuwa na vina. Nikasema kwa maneno ya kawaida kwamba sina chanja Igalilo wala mtumbwi, kwamba nilikwenda kuuliza habari za choo, nikapewa karatasi na soda, nikasaini. "Kama orodha hii ni ya kuridhia, basi na mimi mkazi wa Pasiansi niliridhia chanja za watu zing'olewe. Jumatatu nitakwenda kwenye kikao kulisema hilo na kitambulisho changu mkononi." Kisha nikasema lililobaki. Kwamba nilimpigia Mzee Machibya simu moja tu kabla ya kumwimba. Kwamba nimeijua namba yangu tangu tarehe 14 Novemba na nikanyamaza siku ishirini na nne, huku akitembea mwaloni anapigiwa mdundo niliouanzisha mimi. "Mzee, nilikuimba huna ngoma. Nisamehe."

"Nimekusikia," akasema kwenye maiki. Halafu, kwa kile kicheko chake cha hafla, kikubwa, "Mistari yako ilikuwa mizuri lakini. Ile ya kivulini iliniuma."

Simu zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya mwanaume wa Butimba anaitwa Nathaniel, fundi bomba. "Mimi ni namba thelathini na nne. Nilikwenda pale kupima maji ya choo. Igalilo kwenyewe sijarudi tena. Na mimi nimeridhia?" Akafuata mwalimu mmoja, namba arobaini. Alikwenda kumtafuta mdogo wake, akapitishiwa karatasi. Tuliingia kwenye muda wa kipindi cha dini dakika kumi na mbili na Venant hakugonga kioo.

Jumatatu, 11 Desemba

Tumekwenda, mimi, fundi na mwalimu. Tuliulizwa maswali mengi yasiyo na heshima, tukajibu. Orodha imeondolewa kwenye jalada na tangazo la chanja limesitishwa mpaka kiitishwe kikao halali. Hatujashinda. Ghala bado lipo kwenye ramani ukutani. Ila akina mama wana chanja zao, na itabidi waulizwe upya, kwa uso.

Nyumbani nimekuta kamba ya watoto inazunguka. "Namba moja, nilifika. Namba mbili, nilifika." Wanahesabu mpaka anayekosea.

Jumatano, 13 Desemba

Mama kapiga. Ameusikia. "Baba yako angekucheka sana," akasema. Halafu akaniuliza kama nakula.

Ijumaa, 15 Desemba

Ndiyo ilikuwa siku ya kung'oa chanja. Jua limetoka baada ya siku tisa, na ni zamu ya giza, kwa hiyo dagaa walikuwa tele, chanja zote zimejaa mpaka kwenye mawe, zinameta. Nilikwenda asubuhi kwa sababu mwenyekiti aliitisha kikao. Ajenda ni moja, choo. Bado matundu ni mawili.

Ule mdundo wa ndoo sikuusikia. Machibya alipopita kati ya chanja akina mama walimwamkia mmoja mmoja, na ilichukua muda, maana wengine walimwamkia mara mbili. Kuna mmoja ambaye bado anauamini ubeti, hakumwamkia. Bado yupo, na nadhani ataendelea kuwepo kwa sababu yangu. Hilo nimeliona na nimeliandika.

Soda zilikuwepo, za moto kama kawaida. Kabla ya kikao Selina alipiga mistari kwenye karatasi kwa rula, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, akaandika: TUMEFIKA. HATUJARIDHIA LOLOTE. Akampa mzee na kalamu.

Machibya akaisoma yote, mbele na nyuma, midomo inacheza. Hakusaini. Alivuka duara lote la watu na ile fimbo yake mpaka nilipokuwa nimekaa na kinasa sauti, akaniwekea karatasi magotini, bila saini hata moja.

"Leo anza wewe, mayu," akasema.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, machozi yananitoka bila aibu. Nikaisoma na mimi yote. Kisha nikaandika jina langu kamili, Odeta Malimi, kwenye namba moja, nikampa kalamu Wilhelmina.